Darubini ya kwanza kwa mtu wa Ikweta

Kijitabu kilichokuja na darubini yangu kinaanza kwa kukuamuru utafute Nyota ya Kaskazini, uelekeze mhimili wa stendi huko, ukaze skrubu, ndipo uendelee. Mimi ni mkazi wa Bombo, kilomita kama 35 kutoka Kampala ukienda Luweero. Ikweta iko kusini yetu, mwendo wa kilomita 60 na kitu, ile ile ambayo watu huipigia picha pale Kayabwe kwenye barabara ya Masaka. Basi hiyo Nyota ya Kaskazini, kwetu, inakaa pale ardhi inapokutana na anga: nyuma ya miembe, nyuma ya mabati ya jirani, nyuma ya vumbi la barabara. Tangu nizaliwe sijaiona, na sina mpango wa kuitafuta.

Nalitanguliza hili kwa sababu ushauri mwingi anaopewa mtu anayeanza kutazama nyota umeandikwa na watu wa London au Chicago. Si ushauri mbaya. Ila anga wanaloliongelea si hili letu, na ukiufuata neno kwa neno utakesha unapigana na vyuma, nyota zikuangalie wewe.

Darubini yenyewe niliipata kwa binamu yangu aliyekuwa akifanya kazi Uingereza. Alipofungasha kurudi aliitia ndani ya pipa pamoja na mablanketi na viatu vya watoto, na ikafika salama kuliko viatu. Ni ya kioo, si ya lenzi: mwanga unaingia mdomoni mwa bomba, unashuka hadi kwenye kioo kikuu chenye upana wa milimita 130, unarudi juu, unapigishwa kona na kioo kidogo na kutokea ubavuni, na hapo ndipo unapoweka jicho. Mpangilio huo ni wa Isaac Newton, wa mwaka 1668, na hadi leo ndio unaokupa kioo kipana kwa pesa kidogo.

Kwenye boksi wameandika kwa herufi kubwa kwamba inakuza mara 675. Usihangaike na hesabu ya namna hiyo. Ukuzaji unaupata kwa kugawanya urefu wa fokasi wa darubini (umbali kutoka kwenye kioo hadi pale mwanga unapokutana) kwa urefu wa fokasi wa lenzi ya jicho. Yangu ina milimita 900, na ilikuja na lenzi mbili za jicho: ya milimita 25, inayokupa mara 36, na ya milimita 10, inayokupa mara 90. Kikomo cha kweli ni kama mara mbili ya upana wa kioo kwa milimita, yaani kwangu 260, tena usiku ambao hewa imetulia sawasawa. Ukipita hapo unakuza ukungu tu. Kinachostahili kulipiwa ni upana. Mboni ya jicho gizani hufunguka hadi milimita 7 hivi kwa kijana. Kioo cha 130 kinakusanya mwanga zaidi ya mara 300 ya hapo. Kwa hiyo ukiingia dukani Kampala ukaonyeshwa kidarubini chembamba chenye namba kubwa ya ukuzaji, shika stendi yake kwanza uitikise. Ikicheza, rudisha pesa mfukoni.

Na kama pesa yenyewe ni ya kubana, nunua darubini ya macho mawili, zile za 7x50 au 10x50. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi kwa milimita. Lala chali kwenye mkeka, egemeza viwiko kifuani, uanze na Kilimia. Utaona nyota nyingi kuliko zile sita au saba za macho matupu, na utakuwa umeanza bila kukaza skrubu hata moja. Mimi bado naanza usiku wangu hivyo. Darubini kubwa inatoka nje baadaye, nikishajua nataka kwenda wapi.

Sasa nije kwenye stendi, maana hapa ndipo penye kazi. Stendi iliyokuja na yangu ni ya aina inayofuata mzunguko wa dunia. Wazo lake ni zuri: mhimili mmoja wa stendi unauweka sambamba na mhimili wa dunia, kisha kwa kuzungusha kitasa kimoja tu unaifuata nyota usiku kucha. Mtu wa London anauinua mhimili wake nyuzi 51 na ushee. Wa Kampala anatakiwa aulaze chini kabisa, ulingane na meza. Stendi yangu ilishuka hadi karibu nyuzi 20 ikagoma. Nilipolegeza kila kinacholegezeka ili ishuke zaidi, ule uzito wa kusawazisha ukawa unagonga mguu wa stendi kila bomba likigeuka. Na hata pale isipogonga, ilikuwa miguu ya bati jembamba: ukigusa kitasa, sayari ya Mshtarii inatetemeka kama taa ya boda kwenye barabara ya mashimo, unasubiri itulie, ikitulia imeshatoka kwenye kioo.

Dawa yake iko tangu miaka ya 1960. John Dobson, mtawa aliyekuwa California, Marekani, hakuwa na pesa ya vyuma vya maana, akajenga stendi kwa mbao na vipande vya plastiki laini, sanduku linalozunguka kushoto na kulia na bomba linaloinuka na kushuka ndani yake. Baadaye aliondoka utawani, na mwaka 1968 yeye na wenzake wakaanza kuziweka darubini zao kando ya barabara ili wapita njia watazame bure. Stendi za namna hiyo zinaitwa kwa jina lake mpaka leo. Hazihitaji Nyota ya Kaskazini. Hazijali uko Ikweta au Norwe.

Nikaenda kwa fundi seremala wa mtaani kwetu, mzee ambaye kazi yake ni vitanda, makabati na milango. Nikamchorea kwenye daftari.

“Hili ni sanduku la nini?” akauliza.

“La darubini, mzee.”

“Halina mfuniko.”

“Halitaki mfuniko.”

“Na hizi duara mbili ubavuni?”

“Ndizo bomba litakazolalia. Zikae kwenye hivi vipande vinne vya plastiki, zisiguse mbao.”

Plastiki yenyewe tuliikata kwenye jerikeni la njano lililopasuka, lile la mafuta ya kupikia, kila kipande ukubwa wa kibiriti hivi. Mzee alitaka kuvipigilia misumari ya kawaida; tukakubaliana atoboe kwanza, vichwa vya misumari vizame ndani, vinginevyo vingechimba duara za plaiwudi. Chini, sanduku linazungukia boliti moja katikati, na uzito wote unakaa juu ya vipande vitatu vingine vya jerikeni vinavyoteleza kwenye formaika aliyoibakiza kutoka meza ya mteja. Alipomaliza aliisukuma kwa kidole kimoja. Ikaenda. Akaacha, ikasimama hapo hapo. Akaisukuma tena, safari hii bila kuniangalia, akacheka peke yake.

Kipimo ndicho hicho. Ukiisukuma isogee bila kuruka, ukiiacha ikae. Stendi ya bati sasa inashikilia neti ya mbu dirishani.

Kabla ya usiku wa kwanza kuna kazi ya mchana ambayo wengi wanairuka. Juu ya bomba kuna darubini ndogo ya kutafutia, na lazima itazame mahali pamoja na kubwa. Mimi huielekeza kubwa kwenye mnara wa simu ulio mbali, naweka taa ya juu ya mnara katikati, kisha nageuza skrubu za ile ndogo hadi msalaba wake nao ukae kwenye taa hiyo hiyo. Usishtuke mnara ukiwa kichwa chini; darubini za aina hii hupindua picha, na nyota hazina kichwa wala miguu. Ila ukifanya mchana, hakikisha jua liko nyuma yako. Darubini ikielekezwa kwenye jua bila kichujio inaunguza jicho kabla hujapata muda wa kusikia maumivu. Watoto wakiwa karibu siiachi nje mchana hata dakika moja.

Cha kwanza kutazama ni mwezi, na si mwezi mpevu. Ukiwa mzima, jua linaupiga usoni, vivuli vinapotea na unaona sahani inayoumiza jicho. Tazama ukiwa nusu, kwenye ule mstari unaogawa mwanga na giza. Huko vilele vya milima vinashika jua wakati mabonde yake bado ni usiku, na mashimo yana kivuli cheusi upande mmoja. Kaa pale saa nzima, utaona kilele ambacho hakikuwepo kikianza kuwaka.

Mwezi mchanga una habari yake. Kwetu jua linazama karibu wima, kwa hiyo mwezi wa siku moja au mbili unakaa juu ya pale lilipozamia, umelala chali, pembe zote mbili zikitazama mbinguni. Michoro ya vitabu vya kizungu huusimamisha kama herufi C na kuwachanganya watoto wetu wa shule. Bombo ni mji wenye Waislamu wengi, na siku ya 29 ya Shaabani mzee mmoja wa msikitini alinijia alasiri.

“Mwanangu, hiyo mashine yako italeta mwezi?”

Nikamwambia nitajaribu, lakini asitegemee sana. Darubini yangu, hata kwa lenzi dhaifu, inaona kipande cha anga kisichofika nyuzi moja na nusu. Ukiwa hujui mwezi uko wapi hasa, unapekua magharibi yote kwa tundu dogo huku mwanga unapungua. Tukasubiri jua lizame lote, hilo halina mjadala, nikaanza kupekua. Aliyeuona kwanza ni jirani niliyemwazima darubini ya macho mawili. Alinyoosha mkono, nikaielekeza kubwa hapo, na wazee wakapanga foleni. Mmoja alitazama, akatoa jicho, akatazama kwa macho matupu, akarudi tena kwenye lenzi. “Ni ule ule,” akasema, na mwenzake akamjibu, “Ulitaka uwe mwingine?”

Sayari ya kumfurahisha mgeni ni Mshtarii. Hata kwa ukuzaji wa mara 36 unaona miezi yake mikubwa minne, Io, Europa, Ganymede na Callisto, ile ile ambayo Galileo aliiona Januari 1610. Ichore. Chukua daftari, weka duara katikati na nukta nne mahali pake, andika saa. Io inamaliza mzunguko wake kwa siku moja na robo tatu hivi, kwa hiyo ukirudi baada ya saa chache mchoro wako umeshapitwa na wakati. Hakuna kitu kilichonifundisha kutazama kwa makini kama zile nukta.

Zohali ndiyo kila mtu anaiulizia. Hapa uwe mkweli kwa wageni wako. Pete zake hutugeuzia ubavu kila miaka 15 hivi, na mara ya karibuni ilikuwa Machi 2025. Miezi ya mwisho ya mwaka huo pete zilikuwa mstari mwembamba uliopita katikati ya sayari, na watu waliotarajia picha za vitabuni walinitazama kana kwamba nimewauzia simu bandia. Tangu hapo zinafunguka polepole na zitaendelea kufunguka miaka kadhaa.

Zohali hiyo hiyo ilinionyesha udhaifu wa sanduku la mzee. Novemba, mnamo saa tatu usiku, ilikuwa inapita karibu kabisa na utosi. Kwetu hiyo ni kawaida: sayari zote hupita njia inayofanana na ya jua, na jua hapa halikai mbali na utosi mwaka mzima. Sasa sanduku la Dobson, bomba likisimama wima, linakuwa gumu kuongoza. Sayari inasogea kidogo magharibi, wewe inabidi uzungushe sanduku karibu robo duara ili kuifuata. Kwa ukuzaji wa mara 90 sayari inavuka kioo kwa dakika mbili na kidogo, hivyo muda wote uko kwenye kuzungusha. Watu wa kaskazini ya mbali hawana shida hii, sayari zao zinapita chini chini, ndani ya hewa nzito. Mimi nimechagua kutazama sayari zikiwa mashariki, zimepanda zaidi ya nusu ya anga lakini hazijafika juu. Hewa bado ni nyepesi na shingo haivunjiki. Utosini naachia vitu visivyotaka ukuzaji mkubwa.

Na kipo kimoja hasa cha kuachia huko. Januari usiku, zile nyota tatu za mstari za Orion zinapita karibu na utosi wetu, na chini kidogo ya mstari kuna Nebula ya Orion, wingu la gesi ambamo nyota zinazaliwa, umbali wa miaka ya nuru 1,300 na ushee (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Mke wa jirani alitazama akauliza, “Mbona haina rangi?” Swali la haki. Picha za simu na za intaneti zimekusanya mwanga kwa dakika nyingi au saa. Jicho gizani halioni rangi vizuri, linaona kijivu, labda kijani kwa mbali. Nilimwomba asitazame katikati ya wingu bali pembeni kidogo, maana pembeni ya jicho ndiko kunakoona mwanga hafifu. Akakaa kimya, akaanza kuhesabu zile nyota nne ndogo zilizojibana katikati yake. Alikuwa ameshaona zaidi ya anachoona mtu anayetupia jicho na kuondoka.

Jicho lenyewe linataka dakika 20 hadi 30 gizani ndipo lifunguke. Ukiwasha simu mara moja, umeanza upya. Tochi yangu nimeifunga kwa kaveera, mfuko wa plastiki, nyekundu, matabaka mawili na mpira wa pesa. Umeme ukikatika mtaani wengine wanalalamika, mimi natoa kiti nje.

Kukaa Bombo kuna tatizo lake la upande. Kampala iko kusini, na mwanga wake umepaka sehemu ile ile ya anga ambayo ndiyo urithi wetu. Mtu wa Ulaya haoni kabisa Msalaba wa Kusini. Mimi nauona, lakini umefifia juu ya taa za jiji. Ndiyo maana nikipata nafasi nachukua darubini kwenda kwa mjomba wangu anayefuga ng’ombe Nakasongola. Sanduku linafungwa juu ya matatu, bomba napakata mwenyewe, na kondakta ananilipisha kiti cha pili.

Nakasongola, usiku mmoja wa Mei, mvua ikiwa imepita na kusafisha hewa, nilisimama uani kwa mjomba nikageuka kaskazini. Dubu Mkubwa alikuwa pale, nyota zote saba za mkokoteni wake. Nikageuka kusini: Msalaba, na kando yake zile nyota mbili zinazouelekezea. Vyote viwili kwa saa ile ile, kila kimoja kikiwa kimeinuka kama theluthi moja ya njia ya kufika utosini. Kuna watu wanasafiri kwa ndege ili waone kimojawapo.

Nyota angavu zaidi kati ya hizo mbili ni Alfa Centauri, jirani yetu wa miaka ya nuru 4 na kidogo. Kwa macho ni moja. Kwa lenzi ya milimita 10 inajigawa, nyota mbili za manjano zimekaa bega kwa bega. Kisha juu ya Msalaba, upande wa mashariki, kuna kitu ambacho kwa macho matupu ni nyota iliyochafuka: Omega Centauri. Iko umbali wa miaka ya nuru kama 17,000, na ni kundi la nyota mamilioni zilizosongamana kwa umbo la mpira. Kwa lenzi ya 25 ni duara la ukungu. Kwa ya 10 ukungu unaanza kuvunjika kingoni kuwa nyota moja moja, na kadiri unavyotulia ndivyo unavyoona uvunjikaji huo ukiingia ndani. Mjomba alitazama muda mrefu kuliko nilivyotegemea kwa mtu anayeamka saa kumi na moja kukamua. Swali lake lilikuwa moja: “Nani amezihesabu?”

Misimu yetu nayo haifanani na ya vitabu. Usitafute majira ya baridi wala ya joto, tafuta mvua na moshi. Kiangazi cha kuanzia Desemba hadi Februari mawingu hupungua, lakini watu wanachoma majani na anga la chini linakuwa na utando wa kahawia. Usiku bora kwangu ni ule unaofuata mvua kubwa ya mchana. Novemba ina adui wa peke yake: senene. Wategaji wanasimamisha mabati yanayong’aa juu ya mapipa na kuwasha balbu kali kuelekea juu ili senene wafuate mwanga. Ukiwa na mtego kama huo mtaa wa pili, kutazama nebula sahau. Sina kinyongo, senene wa kukaanga nawapenda. Nasubiri wazime.

Jambo moja la usalama ambalo hakuna kijitabu kitakachokuambia. Bombo ni mji wa kambi ya jeshi, na bomba jeupe lililoelekezwa juu usiku, mtu akilivizia gizani, ni kitu cha kuulizwa. Kabla sijaitoa nje mara ya kwanza nilimpelekea mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, aione mchana, nikamfungulia kila kitu. Ilinisaidia. Usiku fulani walipita askari wawili wa doria.

“Hiyo ni nini?”

“Darubini, afande. Mwenyekiti anaijua.”

“Unatazama wapi?”

“Juu, afande. Mshtarii.”

Mmoja akasogea. Nikamwonyesha mahali pa kuweka jicho na kumwomba asishike bomba, maana kila mtu hulishika kwa mkono kana kwamba litaanguka. Akainama, bunduki mgongoni. “Naona taa moja kubwa na ndogo tatu.”

“Nne, afande. Moja iko karibu sana na kubwa. Ni miezi yake.”

Akatazama tena. “Nne,” akakiri, akamwita mwenzake. Tangu siku hiyo nikiwa nje wakipita wananiuliza leo kuna nini.

Utunzaji ni mfupi. Mimi ni fundi wa simu, kwa hiyo mkono wangu umezoea skrubu ndogo, na skrubu tatu za nyuma ya kioo kikuu hazikunitisha. Unaelekeza kwenye nyota angavu, unaivuruga picha makusudi hadi nyota iwe duara zenye tundu katikati. Tundu likikaa upande mmoja, vioo havijalingana, unageuza skrubu kidogo kidogo hadi likae katikati. Safari ya matatu huwa inavitikisa. Vumbi kwenye kioo lipulizwe kwa kipulizio cha mpira kile cha kusafishia simu, lisifutwe kwa kitambaa, maana ganda linaloakisi liko juu ya kioo na linakwaruzika. Unyevu ndio mbaya zaidi: ukiifunika ikiwa na umande, kuvu inaota kwenye kioo. Iache ndani ya nyumba ikauke wazi, mdomo ukitazama chini, halafu ndipo uifunike. Na uifunike kweli, la sivyo nyigu wanajenga ndani.

Tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa wote, na kwetu ilikuwa saa nzuri ya jioni: ulifunikwa kabisa kuanzia saa mbili na nusu usiku hadi karibu saa nne. Msikitini waliswali sala ya kupatwa, kisha wengi wakaja uani kwangu. Darubini haikutumika sana. Kwa macho matupu, mwezi mwekundu wa shaba umezungukwa na nyota zilizojitokeza ghafla, ndio ulikuwa wa kutazama. Ndani ya lenzi ulikuwa wekundu tu. Niliigeuza darubini kwenye Zohali, iliyokuwa upande wa mashariki wa mwezi, ili foleni isiende bure.

Kinachofuata ni jua. Tarehe 2 Agosti 2027 litapatwa lote kule Luxor, Misri, kwa zaidi ya dakika sita, na Uganda tutaliona limemegwa sehemu. Nimeshamwagiza binamu karatasi maalumu ya kuchuja jua, ile inayofunikwa mdomoni mwa bomba, mbele ya kila kitu. Vile vichujio vidogo vya kuskrubu kwenye lenzi ya jicho usiviguse: joto la jua lililokusanywa linavipasua na jicho lako likiwa hapo hapo. Karatasi inataka fremu isiyopeperuka kwa upepo. Nimekwenda kwa mzee fundi na vipimo, ameniambia mbao anazo, bei tutaongea, ila jua aanze yeye kulitazama.